Mlio wa spana ya toki si uthibitisho wa kipimo

Wiki iliyopita mteja mmoja alikuja kwenye karakana yetu ya kuhakiki vipimo kuchukua spana yake ya toki, ile inayolia bolti inapofikia mkazo uliowekwa, akasoma cheti tulichomwandikia, kisha akatuambia kwa uchungu kwamba tumemtoza fedha kwa kazi isiyokuwepo, kwa kuwa spana ilikuwa ikilia alipoileta na bado inalia. Malalamiko haya tumeyasikia mara nyingi, na yanagusa uaminifu wetu, hivyo tunaona ni vyema kuyajibu kwa maandishi.

Mlio ule hutokea pale nguvu ya mkono inapoishinda springi iliyomo ndani ya mpini. Springi ikichoka au grisi ikikauka, mlio hubaki uleule, ila huja mapema au huchelewa. Spana ya mteja huyu ni ya 40 hadi 200 Nm (nyutonimita, kizio cha nguvu ya kukaza). Kwanza tuliikaza hadi mwisho wa kipimo mara 5 bila kuandika chochote, ili viungo vya ndani vikae mahali pake, kisha tukaipima kwenye 40, 120 na 200, mara 5 kila sehemu. Tulipoiweka 120 ililia kwenye 103, ikafuata 109, kisha 101. Kiwango cha kimataifa cha spana hizi, ISO 6789, huiruhusu spana ya aina hiyo kupotoka kwa asilimia 4 tu, yaani isishuke chini ya takriban 115 wala isizidi takriban 125. Kwa spana hiyohiyo alikuwa amekaza magurudumu ya gari linalobeba watoto wake.

Kushuka kwa kipimo hakukutusumbua sana. Kilichotusumbua ni kuyumba kwake. Spana inayokosea kwa kiasi kilekile hurekebishwa kwa skrubu, lakini inayoyumba ni lazima ifunguliwe. Ndani tulikuta grisi yote imeoshwa, kwa sababu racheti, yaani meno ya kichwa yanayoiruhusu spana kurudi nyuma bila kuitoa, ilipokuwa nzito mwenyewe alipuliza mafuta ya kulegeza kutu kichwani mwa spana. Alipohisi imebadilika, aligeuza skrubu ya marekebisho mpaka ikalingana na spana ya rafiki yake, ambayo nayo haijawahi kupimwa na mtu yeyote. Tuliifungua, tukaisafisha, tukatia grisi mpya na kurudia vipimo vyote tangu mwanzo. Angeileta kabla ya mafuta yale, angelipia uhakiki peke yake, ambao ni sehemu ndogo ya alicholipa. Mashine yetu ya kupimia nayo tunaipeleka kuhakikiwa kwa gharama yetu, na gharama hiyo imo ndani ya bei.

Anayetengeneza gari nyumbani hafikishi kwa urahisi mikazo 5,000 ambayo kiwango hicho cha ISO kinaitaja, pamoja na miezi 12, kuwa wakati wa kuhakiki tena, lolote litakalotangulia. Wengi huiharibu spana ikiwa imelala kabatini. Tulipokea moja iliyoachwa kwenye 110 kwa miezi mingi, na springi yake ilikuwa imechoka kabisa. Baada ya kazi irudisheni kwenye alama ya chini kabisa ya kipimo, lakini msishuke chini ya hapo, kwa maana vipande vya ndani hulegea na kuhama. Tafadhali msiitumie kulegeza nati zilizoganda, na ikishalia mara moja, achieni. Kuivuta tena ni kuongeza mkazo.

Mteja mwingine alitulaumu kwamba spana tuliyoihakiki imemkatia bolti. Tulipoomba kuona alivyofanya kazi, alikuwa ameunganisha kipande cha sentimita 10 mbele ya kichwa, kikiwa kimenyooka na mpini, kwenye spana yenye urefu wa sentimita 40. Alipoiweka 100, bolti ilipata 125. Kipande hicho kikikaa kwa pembe ya digrii 90, tofauti huwa ndogo sana.

Ukitaka kujikagua nyumbani, bana kichwa kwenye jiliwa, mpini ukae mlalo, kisha ning'iniza kilo 10 sentimita 50 kutoka katikati ya kichwa. Hiyo ni takriban 49 Nm, ukiacha uzito wa spana yenyewe, na spana inapaswa kulia ikiwa imewekwa karibu na hapo. Inatosha kukuonyesha kosa kubwa, lakini haichukui nafasi ya uhakiki.

Yule mteja wa kwanza tulimwomba apitie nati za magurudumu yake hapohapo, kwa spana iliyohakikiwa. Kati ya nati 20, saba ziligeuka kabla spana haijalia.