Vimulimuli wameanza, tokeni nje

Habarini wanakikundi, Juni ndo hiyo imeingia hapa Columbus, Marekani, na jana usiku nimewaona vimulimuli wa kwanza nyuma ya paking yetu, wachache tu, wale wanaoruka wakiwaka kama wanachora herufi J, hao ni madume wanajitangaza, majike wamekaa zao chini kwenye nyasi wanajibu wakijisikia 😂

Jumamosi tunatembea pembeni ya mto saa moja asubuhi, sio saa saba jamani, mwaka jana kuna mtu alisoma 7 akatokea mchana tushamaliza. Forosadi zimeiva, njia nzima imekuwa zambarau, watoto msiwavalishe nyeupe. Mabata bukini saa hizi wanabadilisha manyoya ya mabawa, hawawezi kuruka na juu ya hapo wana vifaranga, wapisheni tu. Na ukikuta kobe anavuka barabara ujue anatafuta pa kutaga, msogeze upande ule ule anaoelekea usimrudishe, ila yule mkubwa mwenye mkia kama wa mamba achana naye, anang'ata kwelikweli.

Halafu Ijumaa hii ya kwanza ya Juni ni siku ya donati Marekani, Salvation Army (Jeshi la Wokovu) waliianzisha Chicago 1938, kwangu ni sikukuu halali kabisa japo maandazi ya iliki yanaiacha mbali. Nani analeta maandazi? Chai ya flaski nabeba mimi.

Tarehe 21 jua linazama saa tatu usiku, tukae nje wote, dawa ya mbu kila mtu aje na yake