Ofisi za daktari wa mifugo nazo zinahitaji wasomi

Ndugu Mhariri,

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro kinatoa madaktari wa mifugo, na kampasi za Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA) kama Tengeru na Mpwapwa zinatoa wataalamu wa afya ya mifugo. Nani anafundishwa kuendesha ofisi ya daktari huyo? Mara nyingi mezani hukaa shemeji yake.

Kazi yenyewe si kupokea simu tu. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Umeme ukikatika usiku kucha na asubuhi asiwepo wa kukagua joto la friji, chanjo inaweza kuharibika na mfugaji akawa kama anachanja maji. Ng'ombe akichomwa antibiotiki, lazima iandikwe maziwa yake yasiuzwe mpaka lini. Mwenye mbwa akumbushwe tarehe ya chanjo ya kichaa. Halafu kuna madeni, na hapo sisi wafugaji tunajijua.

Naomba LITA waanzishe kozi fupi ya kumbukumbu, stoo na hesabu, yenye mazoezi ndani ya kliniki zinazofanya kazi, kwa ada anayoimudu kijana aliyemaliza kidato cha nne.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Arumeru, Arusha