Soko la Krismasi la Nuremberg lisisifiwe kwa historia nusu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu makala ya safari mliyoichapisha hivi karibuni juu ya masoko ya Krismasi ya Ujerumani, hasa lile la Nuremberg, jiji ninamoishi. Mwandishi aliyasifu vizuri mabanda, taa na harufu ya mdalasini, na kwa hilo sina ugomvi naye. Ninachopinga ni kauli yake kwamba mgeni anayeingia pale huliona soko lilelile la zama za kati, ambalo halijabadilika tangu enzi hizo. Kauli hiyo si sahihi, na msafiri anayeiamini ataondoka akiwa ameona nusu tu ya kile alichokilipia nauli.

Ukongwe wa soko lenyewe haubishaniwi. Ushahidi wa zamani zaidi ni kisanduku chepesi cha mbao, kilichochorwa maua, ambacho maandishi yake yanasema kilikuwa zawadi iliyotumwa kutoka soko la mtoto mwaka 1628. Kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Germanisches Nationalmuseum, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni. Jiji lilipokea mafundisho ya Luther mwaka 1525, na wafuasi wake walipoacha kuwaadhimisha watakatifu, zawadi ambazo watoto walizipata siku ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6 Desemba, zikahamia polepole kwenye Krismasi, zikasemekana kuletwa na Mtoto Kristo mwenyewe. Ndiye aliyelipa soko jina lake, Christkindlesmarkt.

Tangu hapo soko hilo limeshushwa hadhi, limehamishwa, limefungwa na kufufuliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 liliondolewa katika uwanja mkuu, Hauptmarkt, likawa linatangatanga pembezoni kwa miongo kadhaa. Waliolirudisha uwanjani kwa shangwe ni Wanazi, mwaka 1933, wakati uwanja wenyewe ulikuwa umepewa jina la Adolf Hitler. Nuremberg lilikuwa jiji la mikutano mikuu ya chama chao, nao walitaka lionekane kuwa hazina ya Ujerumani ya kale. Hivyo ile hafla ya ufunguzi mbele ya kanisa, ambayo wageni wengi huidhania kuwa urithi wa mababu, mizizi yake ni ya enzi hizo. Vita vikalifunga soko, na usiku wa tarehe 2 Januari 1945 mabomu yakauteketeza karibu mji mkongwe wote. Mwaka 1948 mabanda yalirudi katikati ya magofu, na Friedrich Bröger, mtu wa ukumbi wa maigizo wa jiji, akaandika shairi jipya la kufungulia soko. Shairi hilo, pamoja na marekebisho ya hapa na pale, ndilo linalosomwa hadi leo kutoka kwenye roshani ya kanisa la Frauenkirche, Ijumaa inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma ya kuisubiri Krismasi.

Anayelisoma ni msichana wa miaka 16 hadi 19 anayemwigiza Mtoto Kristo, aliyevaa taji na joho jeupe lenye dhahabu, ambaye huchaguliwa kila baada ya miaka miwili na hutakiwa awe mwenyeji wa Nuremberg, asipungue sentimita 160 kwa kimo, na asishikwe na kizunguzungu akisimama juu kule. Mwaka 2019 alichaguliwa msichana ambaye baba yake ana asili ya India. Tawi moja la AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, lilimkebehi mtandaoni, likadokeza kwamba Wajerumani watakuja kufutika katika nchi yao wenyewe. Wakazi wa jiji na viongozi wake wakasimama upande wa msichana, naye akapanda roshani na kulisoma shairi kama waliomtangulia. Jambo hili nalo makala yenu haikulitaja, ilhali linaeleza mengi kuhusu jiji hili la leo kuliko aya nzima ya sifa za taa.

Nieleze sasa habari ya uwanja wenyewe, kwani hapo ndipo ukimya wa makala uliponiudhi zaidi. Hauptmarkt haukuwa uwanja tangu mwanzo. Palikuwa na mtaa wa Wayahudi, wenye nyumba zao na sinagogi lao. Tarehe 16 Novemba 1349 Mfalme Karl IV, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Kaizari, aliliruhusu baraza la jiji kuzibomoa nyumba hizo ili pawe na viwanja viwili vya soko, na mahali pa sinagogi pajengwe kanisa la Bikira Maria. Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo, katika majuma yaleyale ya Majilio ambayo sasa yamejaa nyimbo na mishumaa, Wayahudi wasiopungua 562 waliuawa. Kanisa lililojengwa ndilo hilo la Frauenkirche, na ndani yake, kwenye sakafu ya sehemu ya madhabahu, imewekwa nyota ya Daudi kuwa kumbukumbu ya sinagogi. Ifikapo saa sita kamili mchana, umati huinua simu zake kuelekea saa ya kanisa, iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 16, ambapo sanamu saba za wakuu waliokuwa na haki ya kumchagua mtawala wa dola humzunguka mara tatu Kaizari aliyeketi katikati. Kaizari huyo ni Karl IV yuleyule. Sisemi watu wasifurahie. Nami husimama nikatazama, kwa sababu ni ufundi wa ajabu. Nasema gazeti linalowapeleka wasomaji wake mahali hapo lina wajibu wa kuwaambia wanamtazama nani.

Katika mambo ya kula na kununua, mwandishi alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, ingawa aliisifu mno divai ya moto iliyotiwa viungo, ambayo kwa kinywa changu ina sukari kupita kiasi. Kikombe chake hutozwa dhamana, nayo hurudishwa ukikirudisha kikombe. Wasomaji Waislamu walistahili kuambiwa kwamba soseji ndogo za Nuremberg, zenye urefu wa sentimita 7 hadi 9 na huuzwa tatu ndani ya mkate mmoja, ni za nguruwe, na kwamba mabanda mengi huuza pia juisi ya matunda ya moto isiyo na kileo. Mikate ya asali na viungo, Lebkuchen, ndiyo ningeitetea mbele ya yeyote: nyuki wa msitu wa kifalme uliolizunguka jiji walitoa asali, na wafanyabiashara wake walileta karafuu, iliki na kungumanga kupitia Venice. Aina iliyo bora, Elisenlebkuchen, kwa miongozo rasmi ya vyakula ya Ujerumani hutakiwa iwe na angalau asilimia 25 ya lozi, jozi au njugu za hazeli, na unga usiozidi asilimia 10. Ukiivunja vizuri kwa vidole utaona vipande vya njugu vimeshikana kwa shida, kwa kuwa unga karibu haumo.

Haiba ambayo makala ilidai imejilinda yenyewe kwa karne nyingi inalindwa kwa kanuni za ofisi ya jiji. Mapambo ya matawi ya plastiki hayaruhusiwi, muziki wa kurekodiwa hauruhusiwi, mapaa ya mabanda ni ya kitambaa chenye mistari myekundu na myeupe, na kila mwaka mabanda yaliyopambwa vizuri kuliko mengine hupewa tuzo ya dhahabu, fedha au shaba yenye umbo la kale la soko hili: mtu mdogo wa waya na plamu zilizokaushwa, mwenye kichwa cha jozi. Vizuizi vya zege na askari wanaoonekana kwenye maingilio navyo ni sehemu ya utunzaji huo tangu shambulio la Berlin la Desemba 2016, lori lilipoendeshwa kwenye umati wa soko la Krismasi.

Kwa msomaji anayekusudia kuja, aepuke jioni za Ijumaa na Jumamosi, maana huwa ni kusukumana tu. Mwezi Desemba jua huzama hapa yapata saa kumi na robo, hivyo hata anayefika siku ya kazi mchana ataziona taa zikiwaka kabla hajachoka. Aanze kwa kuingia kanisani, kisha ndipo ashike kikombe. Nanyi wahariri, mtakapoichapisha tena makala hiyo, nawaomba muufute ule mstari wa soko lisilobadilika na mahali pake muweke mwaka 1349 na mwaka 1933.

Msomaji wenu,
Nuremberg, Ujerumani