Pete za Kaboni Zisizolala Bapa

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati pamoja na shukrani kwa barua yako ndefu. Nimefurahi kusikia kwamba utawafundisha wanafunzi wako pete za kaboni zisizo za aromatiki, yaani zisizo na elektroni zinazozunguka pete nzima na kuituliza, kabla ya kuwafikisha kwenye benzini, ile pete bapa ya kaboni sita. Walimu wengi hutanguliza benzini, na matokeo yake mwanafunzi huzoea kudhani kuwa kila pete ya kaboni ni bapa, imara na yenye elektroni zinazozunguka, ilhali pete zilizo nyingi hazina sifa hizo zote kwa pamoja.

Umeniuliza kwa nini siklopropani na sikloheksani, ambazo zote mbili hufuata fomyula ya CnH2n na zote mbili zina bondi moja moja tu, hutofautiana kitabia kiasi hicho. Jibu limo katika umbo la pete lilivyo hasa, si katika umbo tunalolichora ubaoni.

Anza na Adolf von Baeyer, ambaye mwaka 1885 alitoa nadharia yake ya mkazo. Bondi nne za atomu ya kaboni huelekea kwenye pembe za piramidi ya nyuso nne, na kati ya bondi moja na nyingine kuna nyuzi 109.5 hivi. Baeyer aliichukulia kila pete kuwa bapa, akapima ni kiasi gani bondi zinalazimika kupinda ili pete ifunge: pembetatu ina nyuzi 60, mraba nyuzi 90, pembetano nyuzi 108, na pembesita nyuzi 120. Kwa hesabu hiyo pete ya kaboni tano ndiyo iliyotulia kuliko zote, na kuanzia kaboni sita kwenda juu mkazo unapaswa kurudi na kuzidi kadiri pete inavyokua.

Kuhusu pete ndogo alikuwa sahihi, na naona ni haki kuwaambia wanafunzi hivyo kabla ya kumkosoa. Siklopropani haina njia ya kuukwepa ubapa, kwa kuwa nukta tatu lazima zikae kwenye bapa moja. Elektroni za bondi zake haziwezi kukaa kwenye mstari ulionyooka kati ya atomu mbili, hivyo hutokeza nje ya pembetatu, na bondi inakuwa imepinda na dhaifu. Zaidi ya hapo, haidrojeni za kaboni jirani zinakabiliana uso kwa uso bila nafasi ya kupishana, na huo ni mkazo wa pili ambao Baeyer hakuuhesabu. Ndiyo maana asidi ya haidrobromiki huifungua pete hiyo ikatoa bromopropani, na haidrojeni ikisaidiwa na nikeli huigeuza kuwa propani. Hapa wakumbushe jambo ambalo mitihani hulipenda: siklopropani haiondoi rangi ya pamanganeti ya potasiamu kama propeni, yenye bondi maradufu, inavyofanya, ingawa fomyula yao ni moja.

Nadharia ilikwama kwenye kaboni sita. Ukiichoma pete na kugawa joto lote kwa idadi ya vikundi vya CH2, unapata kipimo cha mkazo wake. Siklopropani hutoa kilojuli 697 hivi kwa kila moli ya CH2, siklobyutani 686, siklopentani 664, na sikloheksani 659, ambazo ni karibu sawa kabisa na zile za mnyororo mrefu ulionyooka. Maana yake ni kwamba sikloheksani haina mkazo wowote wa kuhesabika, wakati Baeyer alitarajia iwe na mkazo kuliko siklopentani. Ningekuwa darasani mwako ningeziandika tarakimu hizo nne ubaoni na kuwaacha wanafunzi wazitazame kwa muda kabla ya kuwaeleza chochote.

Mtu aliyelitambua jibu mapema ni Hermann Sachse. Mwaka 1890 alionyesha kwa hesabu kwamba kaboni sita zinaweza kufunga pete bila kupinda bondi hata moja, mradi pete isiwe bapa, na akataja maumbo mawili ambayo leo tunayaita kiti na mashua. Hoja zake zilikuwa za kihisabati mno kwa wakemia wa wakati ule, zikapuuzwa, naye akafariki mwaka 1893. Kila ninapoifikiria habari hii nasikitika, kwa sababu ukweli ulikuwa umeshachapishwa na haukuwa na msomaji. Mwaka 1918 Ernst Mohr aliufufua kwa kutazama muundo wa almasi, ambayo ndani yake kaboni zimepangika katika viti vilivyoungana pande zote. Baadaye Odd Hassel wa Oslo alithibitisha umbo la kiti kwa kutawanya elektroni kupitia mvuke wa kampaundi hizo, na mwaka 1950 Derek Barton akaonyesha jinsi umbo hilo linavyoamua mwenendo wa steroidi, yaani kampaundi za pete nne zilizoungana kama kolesteroli, katika mabadiliko ya kikemia. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1969.

Kuhusu pete kubwa sina mengi ya kukueleza, isipokuwa kwamba Leopold Ružička alibaini katika miaka ya 1920 kuwa muskoni, kiini cha harufu ya miski, ni pete ya kaboni 15. Kwa nadharia ya Baeyer pete kama hiyo isingeweza kudumu.

Sasa nirudi kwenye kiti, kwa sababu hapo ndipo utakapohitaji muda mwingi na vielelezo vya kushika mkononi. Kila kaboni ya kiti ina haidrojeni moja iliyosimama wima, juu au chini, ambayo tunaiita ya mhimili, na nyingine iliyotandaa kuelekea nje, ambayo tunaiita ya ikweta. Kiti chenyewe hakitulii: kwenye joto la kawaida kila molekuli hugeuka kutoka kiti kimoja kwenda kingine takriban mara 100,000 kwa sekunde, na kila inapogeuka, zilizokuwa za mhimili huwa za ikweta na za ikweta huwa za mhimili. Ukiweka kikundi cha methili (CH3) mahali pa haidrojeni moja, utakuta asilimia 95 hivi ya molekuli zimekiweka kwenye ikweta, kwa kuwa kikisimama wima kinasongamana na haidrojeni mbili za mhimili zilizo upande uleule. Naamini mwanafunzi aliyekielewa kisa hiki kimoja hatahitaji kukariri kanuni nyingine kuhusu vikundi vikubwa zaidi, atazikisia mwenyewe. Aanze hapo, kisha umpe dekalini ya aina ya transi, yaani pete mbili za kaboni sita zilizoungana kwa namna inayozizuia kugeuka, ndipo ataelewa kwa nini pete nne za kolesteroli zinaipa molekuli hiyo mwili mgumu.

Uliuliza pia iwapo bondi maradufu zinazopishana zinatosha kuifanya pete iwe ya aromatiki. Hazitoshi, na ushahidi wake ni siklooktatetraeni, ambayo Richard Willstätter aliitengeneza mwaka 1911. Kwenye karatasi inafanana sana na benzini, ila ina kaboni nane na bondi maradufu nne. Hata hivyo hupokea bromini kama alkeni yoyote, yaani kampaundi ya kawaida yenye bondi maradufu, bondi zake ni ndefu na fupi kwa kupokezana, na pete yake imejikunja kama karai. Ili pete iwe ya aromatiki, kanuni ya Hückel hudai elektroni za pai, yaani zile za ziada katika bondi maradufu, ziwe 4n+2 (n ikiwa 0, 1, 2 na kuendelea), nayo ina nane. Kwa hiyo hainufaiki kwa kuwa bapa, na pembe za bondi zake zinapumua ikijikunja.

Niandikie utakapomaliza somo la kiti, hasa unieleze wanafunzi walisema nini kuhusu zile tarakimu nne za joto la kuungua.

Rafiki yako akupendaye