Barua kwa Shangazi: Pombe ya Plamu ya Serbia

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, masomo yanaendelea, na baridi imeshaanza kung'ata. Mama kaniambia magoti yako yamepata nafuu, nimefurahi sana.

Leo nakuandikia habari za pombe, maana pale nyumbani ni wewe utakayenielewa. Rafiki yangu wa darasani alinichukua hadi kijijini kwao karibu na Čačak, kusini mwa Belgrade. Oktoba hii huko ni msimu wa kupika šljivovica, pombe kali ya plamu. Tunda lenyewe linafanana na zambarau zetu, ila ni kubwa zaidi. Wanaliokota kuanzia Agosti, wanaliacha kwenye mapipa lichache lenyewe wiki kadhaa, kisha linaingia kwenye chungu kikubwa cha shaba juu ya moto wa kuni. Mfuniko unazibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoroke, na bomba linapita ndani ya pipa la maji baridi. Ungeona ungesema ni mtambo wa gongo! Ila huu uko uani, mchana kweupe, wajukuu wanapita na majirani wanakuja na nyama ya kuchoma.

Babu wa nyumba hana haraka. Moto ukizidi, anachomoa kuni. Kinachotangulia kutoka hakinywewi hata tone; alininusisha, kinanuka kama rangi ya kucha. Akakiweka kando cha kuchulia viungo. Anakinga kinachofuata, na kikianza kupoa nguvu anaacha. Halafu anakipika tena mara ya pili, ndipo anaridhika. Niliwafikiria wanaopika gongo porini huku wakisikilizia polisi. Mtu anayekimbizwa atapata wapi utulivu wa kumwaga kikombe cha kwanza?

Nilipoionja ilichoma koo, kisha ladha ya tunda ikabaki mdomoni muda mrefu. Wanainywa kwa viglasi vidogo, wakitazamana machoni, kwenye harusi, kwenye msiba, na siku ya mtakatifu wa ukoo. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ujuzi huu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Shangazi, natamani wangekuona na wanzuki yako. Asali ya miombo ya Sikonge, mikono yako, na subira ile: ujuzi huo haupungui huu hata kidogo. Lakini kwetu anayeinywa jioni ndiye anayeisema vibaya asubuhi. Inaniuma.

Naomba binti yako aandike kwenye daftari namna unavyoipika, tangu unavyochagua asali. Aandike hata yale unayoona ni madogo, kama unavyotega sikio kwenye pipa kusikiliza mapovu kabla hujasema imeiva. Akishamaliza apige picha kurasa zote anitumie, babu yule ameshaniuliza mara mbili pombe ya asali inachachaje.

Nikija likizo nitakuletea chupa, uionje wewe kwanza kabla ya baba. Wasalimie wote hapo Isevya.

Mwanao