Bodi zangu zimerudi mwaka 1970

Swahiba,

Salamu nyingi. Najua nimekaa kimya mno, na najua utasema nakukumbuka nikiwa na shida tu. Haya, nina shida.

Zile bodi mbili za zamani za kielektroniki unazijua. Imekuja ya tatu, chipu ileile, nami kwa uvivu nikaiunga kwenye ile dtsi ya pamoja niliyokuwa nikikuringia, ile faili ya devicetree ya bodi zote inayoiambia kerneli kuna vifaa gani. Humo niliandika chipu ya saa, DS3231, kwenye I2C (zile nyaya mbili ambazo kila kifaa kina anwani yake), anwani 0x68. Bodi mpya haina saa. Kwenye anwani hiyohiyo imekaa MPU-6050. Nusu siku nzima draiva ya saa inakiuliza kihisi cha mwendo ni saa ngapi!

Nikaona dawa ni rahisi: naizima saa kwenye faili ya pamoja, status = "disabled". Bodi mpya ikatulia. Nikaziwasha za zamani, logi zote zinasema 1 Januari 1970, pale Linux inapoanzia kuhesabu ikikosa saa. Mama Pacha alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo siwazi kingine. Naona dtsi ya pamoja ibaki na vilivyo ndani ya chipu tu, yaani njia za kuongea na vifaa kama I2C, UART, SPI, na vile vinavyotoka nje kwenye pini viwe vimezimwa. Kila bodi iwashe vyake kwenye dts yake, faili ya bodi yenyewe, kwa status = "okay". Kilicholehemewa nje ya chipu ni mali ya bodi, basi. Hata kerneli ya Linux imepangwa hivyo, sijui nilijifanya mjuaji wa nini.

Ila zile mbili za zamani ni kama pacha, na kunakili mistari ileile mara mbili kunaniuma. Leo nanakili, kesho narekebisha moja nasahau ya pili, najijua. /delete-node/, ile amri ya kufuta kifaa kilichoandikwa kwenye dtsi, nimeijaribu, inafanya kazi, lakini ukisoma faili huwezi kujua kifaa kipo au hakipo mpaka uigeuze dtb (faili iliyokwisha kukusanywa) irudi maandishi kwa dtc, kikusanyaji chake, uone kilichobaki. Na pini sijazigusa bado, huko nako... tuache.

Sasa niambie: niweke dtsi ya katikati kwa hizo mbili? Wewe umefika tabaka ngapi kabla ya kupotea? Overlei, vile vipande vya devicetree vya kubandika juu, bado unazitumia, au zilikushinda? Nikikutumia faili utazipitia, hata juu juu? Na chuma changu cha kulehemu kinarudi lini?

Wako yuleyule.