Mdogo wangu, we lala, kuomba tutaomba sisi

Mdogo wangu,

Nimeona bora nikuandikie hapa maana simu hupokei, na kwenye grupu la familia ukiandika kitu cha maana wajomba wanajibu kwa zile picha za maua zenye maandishi ya "Mungu ni mwema" alafu mazungumzo yameishia hapo. Jina lako sitaji, la mtoto pia sitaji. Wanaokujua watajua tu. Na wasiokujua wapo wengi mno wenye mtoto wa siko seli (selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi) kama wako na wameshaambiwa maneno kama uliyoambiwa wewe, basi nao wasome.

Ulinitumia voisi usiku wa manane ukasema dada mimi kuomba nimeshindwa, nikipiga magoti nalala au nalia, imani imeniisha, na mtumishi amesema mtoto haponi kwasababu yangu mimi. Niruhusu nianze na huyo mtumishi kwanza, nisipomtoa huyu njiani ntakuwa na hasira mpaka mwisho wa barua.

Kwahiyo amekwambia ni laana ya ukoo. Kwamba upande wa mama zetu kuna mtu alifanya jambo huko nyuma na sasa mtoto wa miaka minne analia miguu usiku kwa ajili ya huyo mtu, na ili kifungo kifunguke utoe mbegu ya laki mbili. Laki mbili! Na we unauza dagaa sokoni Mwaloni, kwa kilo, mvua ikinyesha mzigo haukauki na siku hiyo huna hela. Yani hata kama ingekuwa kweli kuna laana hapo, Mungu ninayemjua mimi asingeituma bili kwako.

Alafu siko seli sio kitu cha gizani jamani, inajulikana inavyokuja. Mtoto anachukua kwa baba na kwa mama, wote wawili, wewe na shemeji kila mmoja ana kipande kimoja (jeni moja ya siko seli) ndani ya damu na wala hamuumwi, hamkujua, mngejuaje. Watu wenye hivyo wakizaa pamoja, kila mimba ina asilimia 25 ya kutoka na ugonjwa wenyewe, ndo maana kaka zake wawili wazima na yeye hakuwa. Sio kwamba ulikosea kitu kwenye mimba ya tatu. Na yule wifi yako anayesema "huku kwetu damu ya hivyo hatuna" mwambie kwa upole (au usimwambie, utachoka bure) kwamba bila ya kwao mtoto asingeumwa.

Kitu ambacho mimi kilinishangaza nilipoelezwa ni kwamba hicho kipande kimoja kinamkinga mtu na malaria kali. Ndo maana ugonjwa huu umejaa sehemu zenye malaria ya siku zote, kanda ya ziwa huko kwenu, Pwani, Tanga, na nchini kwetu watoto kama elfu kumi na moja wanazaliwa nao kila mwaka. Maana yake bibi na babu wa mabibi zetu kuna waliopona malaria wakiwa watoto kwasababu ya damu hiyohiyo, wakakua, wakazaa, mpaka tukafika mimi na wewe. Sasa mtu aje anisimamie na maikrofoni aniambie hiyo ni laana. Hapana kwakweli.

Na hili swali lake wanafunzi wa Yesu waliliuliza kabla yake. Yohana 9, wanamwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Ona hawakuuliza kama kuna dhambi, wao walishaamua ipo, walikuwa wanatafuta tu wa kumbebesha. Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake." Mdogo wangu huo mstari uuandike kwa kalamu ya wino mzito ubandike pale juu ya ndoo za maji, na siku mtumishi akija tena mwonyeshe, muulize yeye kapata wapi taarifa ambayo Yesu hakuwa nayo.

Sisemi watu wa maombi wote ni waongo, nisieleweke vibaya, mimi mwenyewe naombewa na ninaamini. Ila sisi Watanzania tuna kumbukumbu fupi sana. 2011 si ulikuwa umeshakua, unakumbuka Loliondo, magari kilomita na kilomita yanaelekea Samunge kunywa kikombe cha dawa cha shilingi mia tano, wagonjwa wengine wakafia kwenye foleni njiani. Alafu Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wanakimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoka, kama wewe ulivyochoka sasa hivi, na mtu aliyechoka ukimwambia kuna mlango pale unafunguka dakika hii tu atakimbia. Ndo kinachoniogopesha kwako kuliko hata huo ugonjwa.

Kwahiyo naomba, na hapa nasema kama dada mkubwa sio kama mshauri, dawa usiache. Foliki asidi kila siku, penisilini yake mpaka afike miaka mitano kama walivyokupangia, na ile haidroksiyurea ambayo ulisema "haifanyi kitu" inataka miezi ndo uone maumivu yanapungua kumrudia, sio wiki mbili. Akipata homa ni hospitali saa hiyohiyo, usisubiri ibada iishe, wala usisubiri shemeji arudi na bodaboda, kwa hawa watoto homa haichezewi. Na mtu akikwambia dawa ni kukosa imani, mwambie asome 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa jipu, anakufa, analia ameukabili ukuta, Mungu mwenyewe anasema nimesikia maombi yako nitakuponya, alafu Isaya anasema leteni mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Mungu ameshasema atapona na bado dawa ikapakwa! Tena Paulo huyuhuyu ambaye leso zake zilikuwa zinapelekwa kwa wagonjwa wanapona, kwenye barua yake ya pili kwa Timotheo pale mwishoni anaandika kama kitu cha kawaida tu, Trofimo nilimwacha Mileto, mgonjwa. Basi. Hasemi Trofimo alikuwa na dhambi gani, hasemi mama yake Trofimo hakufunga. Sijawahi kusikia mahubiri kuhusu Trofimo hata siku moja, na nimekaa kanisani tangu ubatizo.

Sasa tuje kwako, kwenye hiyo ya kusema imani imeisha.

Mimi nadhani haijaisha, nadhani umechoka. Mtu anayeamka saa nane kumkanda mtoto kwa kitambaa cha moto, anambembeleza anywe maji, saa kumi na moja anawahi dagaa, jioni anapika, usiku tena, huyo akipiga magoti akasinzia mimi simshangai, asingesinzia ndo ningeshangaa. Eliya alikuwa nabii wa kushusha moto na akafika mahali akakaa chini ya mti akamwambia Mungu inatosha, nichukue, nife. Unajua Mungu alimjibuje? Hakumhubiria, wala hakumkumbusha ule moto. Alimwacha alale, akatuma malaika na mkate na maji, akala, akalala tena mara ya pili, malaika akamwamsha akamwambia "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Hakuambiwa imani yako ni ndogo mno, ona vizuri hapo. Safari ndo ilikuwa kubwa.

Na kuna Zaburi ya 88, sijui kama umewahi kuifikia maana watu wanairuka. Zaburi nyingi za kulia zinageuka mwishoni, mtu analalamika weee alafu anamaliza kwa kusifu. Hii haigeuki. Inaanza anamlilia Mungu usiku na mchana, inaendelea hivyohivyo, na inaishia gizani, rafiki zake wote wamemkimbia. Na imo kwenye Biblia, hakuna aliyeitoa, hakuna aliyeongezea mstari wa furaha ili watu waondoke kanisani wametabasamu. Siku ukiwa huna maneno isome hiyo kwa sauti, tayari umeomba. Kulia kwako kule jikoni nako ni maombi, Hana alilia hekaluni midomo inacheza sauti haitoki mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, na ndo mama yake Samweli huyo.

Lakini ninachotaka ukishike hata ukisahau mengine yote ni Marko 2. Yule aliyepooza, alibebwa na watu wanne, nyumba imejaa, wakapanda juu wakatoboa paa (mwenye nyumba alisemaje Biblia imenyamaza, ila namwonea huruma), wakamshusha na godoro lake. Alafu inasema, "Naye Yesu, alipoiona imani yao." Yao! Yule mgonjwa hajanukuliwa hata neno moja, hatujui alikuwa anaamini au alikuwa amekata tamaa kabisa anawaambia jamani niacheni, mnanichosha. Walioamini ni waliobeba, na ilitosha.

Kwahiyo sikuombi uamini kwa nguvu zaidi. Nakuomba ukubali kubebwa, ambayo kwa mtu kama wewe najua ni ngumu kuliko kufunga siku arobaini.

Nalijua hili kwasababu mwaka aliofariki shemeji yako mkubwa mimi Biblia sikuigusa. Watu walijaa wakati wa msiba, tulipoanua matanga wakaondoka kama ilivyo kawaida, nyumba ikabaki na mimi na watoto na madeni ya hospitali. Wamama wa jumuiya wakawa wanakuja Jumamosi asubuhi. Mimi siimbi, siombi, nimekaa tu nimejifunga kanga naangalia chini. Wao wanaimba, wanasoma somo la wiki, wanaomba, alafu mmoja anafua yunifomu za watoto, mwingine anachambua mchele, wanaondoka. Hawakuwahi kuniuliza mbona huombi. Kuna mmoja, bibi mtu mzima, kila akimaliza kuomba alikuwa anasema "na hii ya kwake pia Baba, ameiacha kwangu." Hiyo sentensi ndo iliyonishikilia. Nguvu yenyewe haikuja ghafla kama umeme unavyorudi mtaa mzima ukapiga kelele, ilikuja kidogokidogo, wiki moja nikajikuta naitikia kiitikio, nyingine nikawapikia chai, na sikumbuki ni lini nilianza tena kuomba mwenyewe. Maumivu yalikuwepo, mengine yapo mpaka leo. Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe, haukutolewa, akaambiwa "Neema yangu yakutosha." Zamani nilikuwa nauona huo mstari kama jibu la mtu aliyenyimwa. Sasa hivi hapana, najua ulivyonilisha.

Usharika wako pale una jumuiya, nenda kwa mzee wa jumuiya yenu, sio kwa yule mtumishi wa laki mbili, mwambie ukweli kwamba mtoto ana siko seli na we umelemewa. Usione aibu. Wengine watasema ya kusema, wapo kila mahali, ila utashangaa nani ana mtoto kama wako na amenyamaza miaka yote. Na muombe mchungaji atangaze uchangiaji wa damu, Damu Salama huwa wanakuja hadi makanisani wakialikwa, mtoto wako aliwahi kuongezewa damu na mnajua ilivyohangaisha kupatikana. Hilo kwangu ni ibada kamili, mtu kutoa chupa ya damu yake kwa mtoto asiyemjua.

Ile habari ya kupandikiza uloto (ule ute wa ndani ya mifupa) uliyoniuliza, ni kweli hapa Dodoma pale Hospitali ya Benjamin Mkapa wanafanya kwa watoto wenye siko seli. Sio kila mtoto anafaa, mara nyingi wanataka ndugu wa tumbo moja ambaye vipimo vyao vimelingana, na gharama ni kubwa, sitakudanganya. Ila kuuliza sio dhambi. Kliniki ijayo muulize daktari wake kama kaka zake wanaweza kupimwa, na kama ataandika barua niletee, kufuatilia huku niachie mimi.

Nakuja mwisho wa mwezi na basi, nimeshaomba ruhusa kazini. Ntakaa wiki mbili, usiku wa mtoto ni wangu na kwenye dagaa utaenda ukiwa umeshalala vya kutosha. Shemeji nshaongea nae, yeye alipokea simu, tofauti na wewe. Nataka kuleta sweta mbili na soksi nzito maana huo upepo wa ziwa asubuhi haumfai kabisa na baridi ndo inamwamshia maumivu, kwahiyo hata kama kupokea hutaki, nitumie tu meseji anavaa saizi gani, na namba ya kiatu.

Dada yako